Ahadi Uliyoitoa Ukiangalia Sahani

Kabula,

Marahaba. Najua huwezi kuiamkia karatasi, lakini mimi nimeshaitikia, tuendelee. Uko kwa Mama Holo unasukwa, na kwa anavyosuka yule, mkono kwenye nywele na mdomo kwenye habari za mtaa mzima, nina saa tatu nzuri kabla hujarudi ukilalamika kichwa kinawaka moto. Nimeshusha pazia la studio. Kuna mama amepita kutaka picha za pasipoti nikamwambia umeme umekatika. Umeme upo.

Sikuandikii habari za sweta, wala za kutia kufuli begi, wala nani atakupokea stendi ya Shinyanga. Hayo tumeyasema mpaka umeanza kunijibu "ndiyo, mama" kabla sijamaliza sentensi. Ninakuandikia kuhusu "ndiyo, mama" moja tu, ile ya Jumapili iliyopita.

Baba yako mdogo Masanja alikuwa amekaa pale kwenye kochi, ugali na sato mezani. Nikakuuliza mbele yake, makusudi kabisa: utajifunza picha mwaka mmoja, halafu utarudi hapa Rwamgasa ushike studio, si ndiyo? Macho yangu haya yanaingia ukungu, nikasema, nani mwingine atanishikia? Ukasema, "Ndiyo, mama." Masanja akapiga makofi, akasema huyu mtoto amelelewa. Wewe ulikuwa unaangalia sahani. Kabula, nimepiga nyuso za watu miaka kumi na tisa. Uso wa mtu anayeahidi naujua, na uso wa mtu aliyebanwa naujua pia. Niliuona, nikakata tonge jingine.

Basi nataka tuizungumze ahadi hiyo. Ila unanijua mimi, sifiki mahali bila kuzunguka kwanza. Vumilia.

Unajua nusu tu ya namna nilivyoingia kwenye chumba hiki. Studio ilikuwa ya baba yako. Rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo mapya, ikaibuka huko kusini, wanaume wa hapa wakaanza kubeba mabegi, naye akaja jikoni na kamera mkononi akasema, "Mama Kabula, nishikie mwezi mmoja tu." Wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Mimi nilikuwa najua kushona, picha sikuwa nazijua hata kidogo. Akanifundisha mchana mmoja: bonyeza hapa, simama pale, mwambie mtu asitikisike. Kesho yake akaondoka. Alipiga simu mara mbili. Baadaye tukasikia ana mji mwingine na watoto wengine, na hapo silii tena, nilishalia.

Lakini nisikilize. Mwaka wa kwanza nilikaa kwa sababu nilimsubiri. Wa pili na wa tatu nilikaa kwa kiburi, watu wasije wakasema nimeshindwa. Baada ya hapo nilikaa tu. Mlango ukifunguliwa kila asubuhi unadhani umeamua kuufungua, kumbe hujaamua kitu. Nilikuwa nalala na kuamka ndani ya neno "nishikie" la mtu ambaye hata sura yake nilikuwa naanza kuisahau.

Na chumba chenyewe unakijua. Hatua tano kwa tatu. Mlango unatazama karasha, na mashine ile ikianza kusaga mawe vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nikaweka pazia zito. Pazia likaleta giza. Giza likanifanya nitegemee flashi, nikamwasha kila mtu usoni. Pitia albamu zangu utaona: wanakijiji wote wa Rwamgasa wameshtuka, kana kwamba wameitwa polisi. Nilijua picha ni mbaya. Nikailaumu kamera. Nikanunua nyingine, watu wakaendelea kushtuka.

Halafu wewe, darasa la saba hilo, ukamtoa yule mzee wa Kisumbwa kwenye kiti changu, ukamkalisha mlangoni, pazia umelifunga fundo, bega lake upande wa nje. Nilikugombeza. "Unamkalisha mteja kizingitini, unamfukuza?" Ukampiga picha mbili tu. Mwanga ulikuwa umemlalia shavu moja, na lile jingine lilikuwa na kivuli kidogo, na mikunjo yake yote ilikuwepo. Mzee aliangalia yangu, akaangalia yako, akachukua yako. Akasema, "Huyu ndiye mimi, yule mwingine simjui." Nilicheka pale, lakini nakuambia ukweli leo: nilikuonea wivu. Wivu wa mama kwa mtoto ni kitu kichungu sana kumeza. Mwanga ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu miaka yote hiyo na mimi ndiye niliyeufungia nje.

Kwa hiyo ukifika kwa huyo mwalimu wako wa Shinyanga, ukaona wenzako wana kamera kubwa na lenzi ndefu, usinyong'onyee. Tafuta mlango kwanza. Mgeuze mtu polepole, mwambie aangalie kulia, aangalie kushoto, uone mwanga unavyotembea usoni kabla hujagusa kitufe. Mimi nilikuwa nabonyeza kwanza, kuangalia baadaye.

Kosa langu jingine unalijua maana umelicheka sana. Huku kwetu mtu akipigwa picha anajitaka mzima, kofia mpaka viatu. Ukimkata miguu anakurudia: "Mama Kabula, miguu yangu umeipeleka wapi?" Mzee mmoja aliniambia nimemtabiria kaburi, akagoma kutoka humu mpaka nirudie. Ala! Nikaogopa. Tangu hapo kila mtu nampiga kutoka mbali, narudi nyuma mpaka mgongo unagota ukutani. Mtu anatoka mdogo, amekakamaa, mikono kwenye mapaja, sura ukubwa wa kidole gumba. Rangi ya ukuta imekwanguka pale ninaposimama. Miaka kumi na tisa mgongo mmoja na ukuta mmoja.

Mwaka jana ukaniletea ile ya Mama Holo. Huyu huyu anayekusuka sasa, umempiga siku ya kazi akigonga mawe kule nyuma ya karasha. Uso na mikono, basi, na vumbi kwenye kope. Nikakuuliza, "Mwili mwingine umeuacha wapi?" Ukanijibu, "Mama, nilisogea mpaka nikasikia anahema." Na simu yenyewe uliyopigia ilikuwa na kioo kilichopasuka! Nilijitia hamnazo, nikaendelea kukata picha za pasipoti. Ulipotoka niliichukua tena nikakaa nayo nusu saa. Kumbe kusogea ndiyo kazi. Mimi nilikuwa narudi nyuma.

Sikurudi nyuma studio tu. Niliwahi kwenda kwenye duara lenyewe, shimo wanakochimba, nimepanga kupiga wachimbaji wakitoka chini na taa zao kichwani. Nikafika kwenye kamba. Msimamizi akanyanyua mkono. "Mama, hapo hapo. Mwanamke hapiti, dhahabu itajificha." Nikamwambia mimi sina shida na dhahabu yake. Akasema dhahabu ndiyo ina shida na mimi. Wote wakacheka, na mimi nikacheka ili nisilie, nikageuza. Ninachojilaumu si kugeuza. Ninajilaumu kwamba njiani niliwapita wanawake zaidi ya ishirini wamekaa juani wanapepeta na kugonga, na mwanga wa saa mbili asubuhi umewalalia vizuri kabisa, na kamera iko shingoni, nisipige hata moja. Nilikuwa nimenuna. Mlango mmoja ukifungwa mimi nakimbilia chumbani kwangu. Wewe ulipozuiwa kwenye kamba ile ile ulikaa chini palepale ukaanza kupiga viatu vya wachimbaji. Sijui ulijifunza kwa nani, kwangu hukujifunza.

Sasa naja kwenye jambo ambalo sijawahi kukuambia. Ulikuwa shule siku hiyo, darasa la tano.

Kulikuwa na mchimbaji anaitwa Shija, kijana wa huko Kishapu, mcheshi, anapita hapa akinitania kwamba nitamwozesha wewe ukikua. Alikuwa na kovu kubwa juu ya jicho la kushoto, ng'ombe alimpiga pembe akiwa mdogo. Jumapili moja akaja kupiga picha ya kumpelekea mama yake. Akasema, "Mama Kabula, nitoe bosi." Nami nilikuwa nimejifunza kompyuta karibuni, najiona fundi. Nilichukua kichwa chake nikakibandika kwenye mwili wa suti. Nyuma nikamwekea ghorofa na bustani. Nikampaka weupe. Na lile kovu nikalifuta, kwa ustadi kabisa, hata mimi nilijisifu. Akafurahi mpaka akanikumbatia. Alipoondoka nikafuta picha halisi kwenye kadi ya kamera, ndiyo ilikuwa kawaida yangu, kadi zilikuwa ndogo na mimi sikuona thamani ya picha ambayo haijasafishwa.

Hakuwahi kuipeleka. Alisema atakwenda nayo mwenyewe sikukuu. Duara likatitia kabla ya sikukuu.

Mama yake alikuja baada ya mazishi. Mama mtu mzima, kanga mbili, ndala zimejaa udongo mwekundu. Simu ya mwanawe ilibaki chini ya kifusi na nyumbani hawakuwa na hata picha moja yake akiwa mkubwa. Wenzake walimwambia kuna mama wa studio alimpiga. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikafungua kompyuta kwa fahari, haki ya Mungu kwa fahari, nikidhani namletea faraja. Akaangalia kwa muda mrefu. Akaniita mama kwa Kisukuma, akauliza kwa upole, "Mayu, huyu ni nani?" Nikasema ni Shija, mama. Akatikisa kichwa. Akapeleka kidole kwenye kioo, juu ya jicho la kushoto, akawa anapapasa pale. "Kovu lake liko wapi? Mimi ndiye nililishona na uzi, usiku hakukuwa na mganga. Liko wapi?"

Nilitafuta kwenye kadi. Nilitafuta kwenye kompyuta, nikafungua mafaili yote nikijua hakuna kitu. Yeye amekaa tu ananisubiri. Nikamwambia, mama, nimelifuta. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliniuliza mwanawe alisimama wapi siku hiyo, nikamwonyesha, akaenda akasimama pale mbele ya pazia, mgongo kwa ukuta, akakaa hapo kidogo. Halafu akasema, "Wabeja," akatoka. Ananishukuru! Nilimfuta mwanawe mara ya pili na ananishukuru.

Utadhani niliacha kufuta nyuso za watu. Ningekuwa mtu wa hadithi ningeacha. Sikuacha. Wiki ile ile alikuja mteja akasema nitoe weusi huu, nikamtoa. Wakiniambia suti, naweka suti. Nilichobadilisha ni kimoja tu, sifuti picha halisi tena. Ule mkebe wa kadi ulio juu ya kabati, unaouliza kila siku una nini, una nyuso zao za kweli. Hakuna anayezitaka. Ninazo.

Nimekuambia haya uelewe kitu ninachokiogopa. Siogopi kwamba utashindwa kujifunza. Ukiwa mwanafunzi utapiga mbaya nyingi, na zile mbaya uziangalie kuliko nzuri, ujiulize ulisimama wapi na mwanga ulikuwa wapi na ulikuwa na haraka ya nini. Chagua kitu kimoja ukipige kila siku, hata sufuria, mpaka ukichoke, halafu uendelee. Angalia pembeni mwa picha kabla ya kubonyeza, usimwoteshe mtu nguzo kichwani. Mtoto mdogo mpigie magoti. Mtu akisema sitaki, shusha kamera, usibishane. Hayo utayaweza, unayaweza tayari. Ninachokiogopa ni hiki chumba. Ungerudi hapa na macho yako hayo mazuri, na ndani ya mwaka mmoja pazia lingekuwa limeshuka. Mteja angekuambia nitoe bosi, ungemtoa bosi. Mgongo wako ungejua mahali pake ukutani. Usiniambie wewe si mimi. Mimi nilipoingia humu nami sikuwa mimi.

Sasa uongo wangu, Kabula. Ukae chini kama umesimama.

Nilikuambia macho yangu hayana dawa. Si kweli. Mwezi wa nne nilipokwenda Geita, daktari aliniambia ni mtoto wa jicho, anatolewa, watu wanatolewa kila siku, nipange tu siku ya kwenda. Nilirudi nyumbani furaha imenijaa. Nikakukuta umeshika simu, unaruka ruka, mwalimu wa Shinyanga amekukubali kwa ajili ya ile picha ya Mama Holo. Na hapo hapo, nikiwa sijavua hata viatu, nikakuambia daktari amesema basi tena. Sikupanga. Lilitoka lenyewe. Nikaona furaha inakushuka usoni, nikaona umekaa kwenye stuli, ukasema, "Basi nitaahirisha, mama." Na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua.

Tangu hapo nimekuwa nakushika kwa macho haya. Ulipoahirisha mara ya kwanza nilikuita mtoto mwema. Ulipokubaliwa tena nikasema nenda, lakini nikatafuta kamba nyingine, nikamwita Masanja awe shahidi. Unaona nilivyofanya? Baba yako alisema "nishikie" mara moja akaondoka. Mimi nilikaa nawe, nikakupikia, nikakusuka, na nikakuambia "nishikie" kila siku kwa mdomo wa kuugua. Sijui nani kati yetu ana dhambi kubwa.

Leo asubuhi, wewe ukiwa sokoni, nilimwita Masanja. Uliahidi mbele yake, nikaona naye asikie. Nikamweleza habari ya macho. Akanishangaa. "Shemeji, sasa mtoto akijua si ndiyo hatarudi?"

Nikasema ndiyo maana nataka ajue.

"Lakini hapa ni kwao."

"Kwao ni kwangu, popote nitakapokuwa. Hiki ni chumba cha kupanga."

Akasugua magoti yake. Kisha akauliza kama nimechanganyikiwa, na alipoona sijachanganyikiwa akasema atanisindikiza hospitali, nisiende peke yangu. Kumbe mtu mwenyewe si mbaya, anapenda tu kupiga makofi.

Kutoka hapo nikaenda kwa mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi chumba si changu. Atakiingia mtu wa vipuri vya bodaboda, keshakuja kupima mashelfu yake. Usije ukasema nimefunga kwa ajili yako, sitaki uubebe huo mzigo pia. Nimefunga kwa sababu leo ni mara ya kwanza mtu kuniuliza ninataka nini, na aliyeniuliza ni mimi, na jibu lilikuwa karibu sana mdomoni. Nikitolewa huyo mtoto wa jicho nitarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nashona vizuri mimi. Watu wa Katoro walikuwa wanakuja.

Barua hii sitaificha kwenye begi lako uisome njiani, ukiwa Kahama ambako huwezi kunijibu. Hiyo ingekuwa hila nyingine, na hila zangu zimetosha. Ukirudi kutoka kwa Mama Holo nitakupa mkononi, nitakaa hapa mlangoni uisome. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Ukitaka kulala kwa shangazi yako leo, nenda, mradi kesho upande gari. Nitaogopa, nakuambia. Nimeshaanza kuogopa, nasikia Mama Holo anacheka huko nje, nadhani mmemaliza.

Ile ahadi ya Jumapili nimeifuta mimi niliyekubana nayo. Huna studio ya kurudia, huna mtu wa kumshikia kitu. Siku ukinikumbuka, njoo kama mgeni. Ule, ulale, halafu uondoke.

Mama yako.